Jibu sahihi, alama robo: nimlazimishe binti yangu kuandika mlinganyo?

Shikamoo Shangazi,

Tatizo langu si la ndoa wala la wakwe, na pengine utacheka ukilisoma. Ila humu ndani limeshaleta maneno ya kutosha, ndiyo maana naandika.

Nina binti wa miaka 13. Hesabu anaziweza, na sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Ukimsomea fumbo anatazama juu, midomo inachezacheza, kisha anakutajia jibu, na mara nyingi ndilo lenyewe. Mwaka huu wameanza milinganyo. Kila fumbo sasa lazima lianze na "acha x iwe" kitu fulani, ufuate mstari, ufuate mwingine, mpaka x ipatikane. Yeye haandiki. Anaweka jibu katikati ya ukurasa, analipigia mstari chini mara mbili, basi.

Majuzi kaniletea daftari. Swali lilikuwa hili: Umri wa mama ni mara 3 ya umri wa binti yake. Baada ya miaka 12, umri wa mama utakuwa mara 2 ya umri wa binti. Binti ana miaka mingapi sasa? Alijibu 12. Nimelihakiki mwenyewe: mama ana 36, baada ya miaka 12 atakuwa na 48 na binti 24. Sawasawa kabisa. Mwalimu kampa alama 1 kati ya 4, na pembeni kaandika kwa wino mwekundu: "Njia iko wapi?" Nikamuuliza mwanangu alifanyaje. Akasema, "Nilijaribu 10 ikakataa, nikajaribu 11 ikakaribia, nikajaribu 12." Nikamwambia si ungeandika hivyo hivyo? Akasema mwalimu hataki hivyo, anataka x.

Baba yake ni fundi ujenzi, na hili limemkera kweli. Anasema jibu ni jibu. Anasema tangu ameanza kazi hajawahi kuandika x hata moja na hakuna ukuta wake uliowahi kuanguka. Anataka kwenda shuleni kumuuliza mwalimu ana nini na mtoto wetu.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye hufundisha watoto masomo ya ziada, ana dawa yake. Kamwandikia mpwa wake karatasi: "jumla" na "zaidi" ni kujumlisha, "tofauti" na "pungufu" ni kutoa, "mara" ni kuzidisha, "kila" ni kugawanya. Tafuta neno, weka alama, umemaliza. Binti kaibandika ukutani juu ya meza yake. Lakini tangu aanze kuifuata ananiletea majibu ya ajabu. Juzi lilikuja swali: Juma ana penseli 15, ambazo ni 6 zaidi ya penseli za Asha. Asha ana penseli ngapi? Kanijibu 21. Mtoto huyu huyu alikuwa akijibu maswali kama hayo bila shida alipokuwa na miaka tisa!

Kilichonitisha hasa ni jaribio la mwisho. Bomba moja hujaza tangi kwa saa 6, la pili hulijaza kwa saa 4. Yakifunguliwa pamoja, tangi litajaa baada ya muda gani? Aliandika saa 2 na dakika 30. Akakosa, na safari hii hakupata hata ile alama moja. Alilia, Shangazi. Akasema, "Mama, nilikuwa karibu." Tangu siku hiyo anasema kumbe hesabu hajui, alikuwa anabahatisha tu.

Nifanye nini? Nimlazimishe kuandika mlinganyo hata kwa maswali anayoyaona kichwani, nimchokeshe na kitu alichokuwa anakipenda? Nimwache aende na njia yake? Nimruhusu baba yake aende shuleni? Karatasi ya mjomba wake nikiibandua, mdogo wangu ataona nimemdharau. Na kuna hili ambalo hata baba yake hajui: mimi mwenyewe hizo x sikuwahi kuzielewa. Nilikariri, nikafaulu, nikasahau. Akiniuliza kwa nini iwe x, sina la kumjibu. Nimwambie?

Ni mimi, Mama wa Njia Panda


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Sijacheka. Barua za fumbo la hesabu huja chache kwangu, lakini zikija huwa na watu wengi ndani yake, na yako ina baba, mjomba, mwalimu na wewe mwenyewe, wote mmesimama juu ya daftari moja. Nikiwasogeza kidogo pembeni, naona jambo ni hili: mtoto anafika kwenye jibu kwa njia ambayo hakuna anayeiona. Njia hiyo ilimtosha mpaka mwaka huu. Sasa imeanza kumwangusha, na kila mtu mzima anayempenda anamvuta upande wake.

Naomba kwanza tumtazame yeye, kwa sababu katika barua nzima sentensi iliyonifurahisha ni yake. Nilijaribu 10 ikakataa, nikajaribu 11 ikakaribia, nikajaribu 12. Baba anaona jibu, mwalimu anaona ukurasa mtupu. Mimi naona njia, tena imekamilika, ila imebaki kichwani.

Mfuate taratibu. Alipojaribu 10, alisema mama ana 30. Baada ya miaka 12 binti ana 22 na mama ana 42. Mara mbili ya 22 ni 44, kwa hiyo imekataa. Alipojaribu 11, mama akawa na 33, kisha 45, na binti 23, ambayo mara mbili yake ni 46. Imekaribia kweli, imebaki tofauti ya mwaka mmoja. Alipojaribu 12 pande mbili zikakutana kwenye 48. Sasa tazama: katika majaribio yote matatu hakubadilisha kitendo hata kimoja. Kila mara alizidisha kwa 3, akaongeza 12 kwa mama na 12 kwa binti, akazidisha umri mpya wa binti kwa 2, akalinganisha. Kilichobadilika ni namba ya kuanzia tu.

Mwombe, siku akiwa ametulia, aandike majaribio yake hayo bila kukokotoa chochote:

3 × 10 + 12 ilinganishwe na 2 × (10 + 12)
3 × 11 + 12 ilinganishwe na 2 × (11 + 12)
3 × 12 + 12 ilinganishwe na 2 × (12 + 12)

Kisha mwulize: kama hujachagua namba bado, mstari huu ungeuandikaje? Mwache ahangaike kidogo, usimsaidie. Atafika penyewe, au karibu sana na hapa:

3x + 12 = 2(x + 12)

Huo ndio mlinganyo ambao mwalimu anaulizia kwa wino mwekundu. Ile x ni kama kiti kilichotengwa kwa mgeni ambaye hajafika: kinahesabiwa, kinasogezwa na vingine, ingawa hakuna aliyekikalia. Akifungua mabano atapata 3x + 12 = 2x + 24, akitoa 2x na 12 kila upande atabaki na x = 12. Jibu ni lile lile lake.

Nimelikazia hili kwa sababu watoto wengi wanaokwama kwenye mafumbo hukwama hapo hapo, wanapodhani mlinganyo unachimbwa kutoka kwenye maneno kwa ufundi fulani wa siri. Mlinganyo ni ule uhakiki ambao ungeufanya kama mtu angekunong'oneza jibu na wewe ukataka kujua kama hakudanganyi. Binti yako uhakiki huo anaujua vizuri kuliko wengi wanaoandika x kwa mbwembwe.

Na asione haya kwamba anabahatisha. Kuna mafunjo ya Misri ya kale, yanajulikana kwa jina la Rhind, yaliyoandikwa na mwandishi aitwaye Ahmes yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo. Ndani yake mna fumbo hili: kiasi fulani, ukikijumlisha na sehemu yake ya saba, unapata 19. Ahmes alianza kwa kubahatisha 7, kwa kuwa 7 hugawanyika kwa saba kirahisi. Saba na sehemu yake ya saba ni 8, si 19. Hakuitupa ile 7. Aliuliza 8 inaingia mara ngapi katika 19, akaizidisha 7 kwa kiasi hicho, akapata 16 na sehemu tano za nane, yaani 16 ⅝. Ukihakiki, inakaa. Mzee huyo alijaribu namba isiyo sahihi kwa makusudi, akaitumia kupata iliyo sahihi. Tofauti yake na binti yako ni kwamba yeye aliandika alichofanya, ndiyo maana leo tunaweza kumfuata.

Hapo ndipo nataka kukugusa kidogo, wewe na mumeo. Barua yako inazungumza kana kwamba kuandika mlinganyo ni heshima tu kwa mwalimu, jambo la kumridhisha ili alama zitoke. Kwa maswali aliyozoea, naelewa kwa nini inaonekana hivyo. Mtoto akiambiwa, nimefikiria namba, nimeizidisha kwa 3, nimeongeza 5, nimepata 26, anarudi kinyumenyume: 26 toa 5 ni 21, gawanya kwa 3 ni 7. X ya nini hapo? Mimi mwenyewe nisingeiandika. Sasa badilisha kidogo. Mara 3 ya namba ukiongeza 5 ni sawa na mara 5 ya namba hiyo hiyo ukitoa 9. Arudi kinyume kutoka wapi? Hakuna namba ya mwisho ya kuanzia safari, namba isiyojulikana imekaa pande zote mbili. Jibu bado ni 7, lakini sasa lazima aandike 3x + 5 = 5x − 9 au aanze kubahatisha. Bila shaka mwaka huu maswali yamehamia huko. Hajawa mjinga ghafla, mwambie hivyo kwa maneno haya haya ukitaka. Aina ya maswali ndiyo iliyobadilika.

Na lile la mabomba ndilo linaloonesha ukomo wa kubahatisha. Nadhani najua alivyofikiri. Kwa saa 2, bomba la kwanza limejaza theluthi ya tangi na la pili nusu, jumla 5/6, bado. Kwa saa 3, la kwanza nusu na la pili robo tatu, jumla 5/4, limefurika. Kwa hiyo ni katikati, akasema dakika 30. Hiyo ni akili, mama. Hata hivyo kwa saa 2 na dakika 30 la kwanza limejaza 5/12 na la pili 5/8, jumla 25/24, maji yanamwagika kidogo. Alikuwa karibu, hakukuambia uongo. Lakini jibu ni saa 2 na dakika 24, na mtu anaweza kujaribu dakika moja moja hadi usingizi umchukue. Majaribio yake yale yale, yakiandikwa na kiti kikiwa wazi, yanasema x/6 + x/4 = 1. Zidisha kote kwa 12: 2x + 3x = 12, x ni 12/5. Imefika bila kubahatisha. Na kama angeuandika huo mstari wa kwanza kisha akakosea kukokotoa, walimu wengi hutoa alama za njia, kwa hiyo asingetoka mikono mitupu.

Mwonesheni hilo la mabomba, lakini lisiwe somo la kumthibitishia kwamba mwalimu alikuwa sahihi. Akihisi mmeungana na wino mwekundu, mtampoteza hapo.

Nije kwa karatasi ya ukutani. Mdogo wako ana nia njema, na katika maswali mepesi karatasi yake inafanya kazi, ndiyo sababu inapendwa. Hatari ni kwamba inamfundisha mtoto kutafuta neno badala ya kusoma habari. Penseli za Juma ni 6 zaidi ya za Asha. Neno "zaidi" lipo, akajumlisha, Asha akapata 21, na mwenye "zaidi" akageuka kuwa mwenye pungufu. Angejaribu jibu lake ndani ya swali, kama alivyozoea kufanya kabla ya karatasi, angeona kwamba Asha akiwa na 21 Juma anapaswa kuwa na 27. Mlinganyo wake ni a + 6 = 15. Kujumlisha kupo, ila hakupo pale karatasi ilipokuweka.

Tabia hii haikuanza kwenu. Kuelekea mwaka 1980, watafiti wa ufundishaji wa hisabati huko Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto 97 wa shule ya msingi swali hili: Melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walitoa jibu kwa kuchezea zile namba. Wengi wetu tunacheka hapa, lakini mtoto aliyezoeshwa kwamba fumbo ni namba mbili na neno moja la kuzibana hana sababu ya kushangaa. Anajumlisha, anapata 36, anapigia mstari chini mara mbili.

Wala si watoto peke yao. John Clement alichapisha mwaka 1982 utafiti juu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi nchini Marekani, walioulizwa waandike mlinganyo wa chuo ambacho wanafunzi wake ni mara sita ya maprofesa. Zaidi ya theluthi moja walikosea, na wengi wa waliokosea waliugeuza. Jaribu na binti yako kwa lugha yetu: Kwa kila mwalimu mmoja kuna wanafunzi sita. W ni idadi ya wanafunzi, M ni idadi ya walimu. Mkono unataka kuandika M = 6W, kwa kuwa mwalimu ametajwa kwanza na sita imekaa jirani na wanafunzi. Weka walimu 10 na wanafunzi 60 uone: 10 si sawa na 360. Ni W = 6M. Kosa linaanzia pale herufi inaposomwa kama mtu, "mwalimu mmoja, wanafunzi sita", ilhali M ni idadi ya walimu. Ndiyo maana ningependa mstari wake wa kwanza usiwe "x ni binti" bali "x ni umri wa binti sasa, kwa miaka". Ni maneno machache ya ziada na yanaokoa mengi.

Kuhusu kumbandulia karatasi, sina uhakika kwamba ni lazima ugombane na mdogo wako. Pengine mwombe yeye mwenyewe aje akae na mpwa wake kwa swali la Juma na Asha, aone karatasi inavyomjibu. Mwalimu wa masomo ya ziada akiona 21 kwa macho yake atajua la kufanya kuliko akiambiwa na dada yake. Hatari ipo: anaweza kuongeza tu kanuni nyingine chini ya karatasi, "zaidi ya" ikija hivi fanya vile. Wewe unamjua, mimi simjui.

Sasa kumlazimisha. Ukisema kila swali liwe na x, hata lile la kurudi kinyumenyume, unaweza kupata mtoto anayeandika jibu kwanza kisha anatunga mlinganyo wa kulipamba. Nimewaona wa namna hiyo wengi. Karatasi inapendeza, kichwani hakuna kilichobadilika. Ukimwacha kabisa, huenda akavumbua mwenyewe, wapo wanaovumbua. Na huenda akaendelea kupata alama robo mpaka akaamini anachokisema sasa, kwamba hajui hesabu. Kati ya hapo pana nafasi. Wengine hukubaliana na mtoto kwamba mafumbo mepesi afanye atakavyo akiwa nyumbani, na yale ambayo jaribio la tatu halijakaa, ndiyo ayaandike. Hapo x inakuja kama msaada wakati anauhitaji. Tatizo ni kwamba darasani mwalimu anataka vyote, kwa hiyo makubaliano ya nyumbani hayamlindi siku ya mtihani.

Kama kuruka moja kwa moja hadi kwenye herufi kunamtisha, apitie maneno. Aandike tu: umri wa mama baada ya miaka 12 ni sawa na mara mbili ya umri wa binti baada ya miaka 12. Huo tayari ni mlinganyo, una pande mbili na "ni sawa na" katikati. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad yapata mwaka 820, hakuwa na x wala alama ya usawa. Aliandika kila kitu kwa maneno, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za mirathi, nani anapata fungu gani. Ile alama ya mistari miwili tunayoitumia ilikuja mwaka 1557, pale Robert Recorde wa Uingereza alipochoka kurudia kuandika "ni sawa na". Binti yako naye akichoka kurudia "umri wa binti sasa", ataona mwenyewe faida ya herufi moja. Kuna watoto wanaohitaji kuchora kwanza, au jedwali dogo lenye safu ya "sasa" na safu ya "baada ya miaka 12". Mpe karatasi tupu uone mkono wake unaelekea wapi.

Baba yake. Mweleze kwamba namheshimu, na kwamba hoja yake ina uzito. Fundi anaanza na anachokijua, urefu na upana wa ukuta, anafika kwenye asichokijua, idadi ya matofali. Safari yake inaenda upande mmoja na kichwa kinatosha. Siku akipewa idadi ya matofali na kuambiwa urefu ni mara mbili ya upana, atafute upana, huenda naye akaomba kalamu. Mpeni swali kama hilo jioni moja, bila kumtega.

Akitaka kwenda shuleni, sioni ubaya wa kwenda. Ninachojiuliza ni swali atakalobeba. "Una nini na mtoto wetu?" inakwenda na jibu lake tayari. Barua yako haioneshi kwamba mwalimu ana chuki. Inaonesha mtu aliyesahihisha ukurasa wenye namba moja, ambaye hana namna ya kujua kama ilitoka kichwani au kwa jirani wa dawati. Pengine mngeenda na yale majaribio matatu yameandikwa, mkamuuliza: akionesha hivi, kisha mstari wa x, utampa ngapi? Anaweza kusema alama zote, anaweza kusema bado. Vyovyote mtakuwa mnazungumza juu ya kazi ya mtoto. Na muulizeni binti kwanza kama anataka mwende, maana ni yeye atakayekaa darasani kesho yake.

Limebaki la kwako, ulilolificha hata kwa mumeo. Umwambie binti kwamba x hukuielewa? Kuna mama atakayekuambia mtoto atapoteza imani, na kuna mtoto atakayesema, hata mama hajui na ameishi, ya nini nihangaike. Kwa umri wa 13 maneno hayo hayakosi. Lakini umeshasoma hadi hapa, na ile mistari mitatu ya 10, 11 na 12 nadhani umeifuata. Kama hukuifuata, mwombe yeye akufafanulie. Huna haja ya kutangaza lolote. Chukua fumbo ambalo hajawahi kuliona, sema namba yoyote ya kuanzia, mwache akwambie kwa nini inakataa, na wewe ndiye uwe mwandishi: kila anachokifanya kwa namba yako, kiweke kwenye mstari. Jaribio la tatu likikataa, mpe kalamu.

Wako,
Shangazi